Shoka Lenye Chapa ya Baba

Kuusamo, 3 Machi 1935

Dada Sanelma,

Habari za huko Ylipää? Mimi mzima, pua tu ndiyo imebabuka kwa baridi, na hiyo si habari. Ziwa bado limeganda. Tunatoboa barafu na kuvua, na samaki hawatupigi chenga sana. Mwenye nyumba wangu, Bibi Kreeta, anakusalimia ingawa hajawahi kukuona. Ana tabia ya kusalimia watu asiowajua. Ng'ombe wamezaa? Baba hajambo? Usimwambie nimeuliza.

Sasa sikiliza. Kiangazi hiki nitawatembeza tena watu wa mjini msituni, wiki nzima kila kundi. Mwaka jana bwana mmoja alikuja na kitanda cha kukunja, mabirika matatu na mwavuli. Siku ya pili tukavificha vyote chini ya mwamba, na siku ya nne alikuwa anacheka kama mtoto. Mimi huwaambia hivi: chukua shoka, kisu, sufuria na blanketi, mengine msitu utakupa. Ila ukibeba vinne tu, kila kimoja kiwe cha kweli. Shoka langu hili la dukani ni zito kama dhambi, na makali yanajikunja kwenye mti ulioganda.

Nataka shoka la kwetu. Kichwa chepesi, mashavu ya pande zote mbili membamba ili liume, lakini lisinase. Mpini utoke kwapani kwangu hadi kwenye ncha za vidole. Nataka na kisu pia: bapa lisizidi upana wa kiganja, mpini wa gome la mti wa mbetula, kwa mkono mdogo. Usiniulize mkono wa nani. Ni wa mteja.

Najua Baba alivyosema siku niliyokataa nyundo yake nikaondoka, kwamba nisiguse tena chuma chake. Mwaka wa nne huu. Mwambie ni oda ya mtu baki.

Mdogo wako,
Tahvo

*

Ylipää, 9 Aprili 1935

Mdogo wangu Tahvo,

Tumepokea salamu zako na za Bibi Kreeta, na sisi tunamsalimia kwa nguvu ileile ya kutomjua. Ng'ombe wamezaa, mmoja ndama jike, mwingine dume mwenye doa usoni kama kofia ya kasisi. Theluji inayeyuka, barabara ni tope tupu. Lempi wa jirani alipoteza kiatu kimoja akienda kanisani na akaingia hivyohivyo, mguu mmoja soksi. Mahubiri hayakumwingia mtu.

Baba hajambo. Anakaa sana siku hizi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kazi ni nyingi. Shoka liko ndani ya kifurushi, na kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Shoka lilifuliwa mara mbili. La kwanza lilipasuka lilipozamishwa kwenye mafuta, usiniulize maneno yaliyosemwa hapa siku hiyo. La pili likazama, likalia kidogo, likanyamaza. Kabla ya kukata nalo, lipashe moto kwenye kwapa lako wakati wa baridi kali. Chuma kikiganda hukatika kama biskuti.

Mteja wako ana mkono mdogo kiasi gani? Nilibaki nikikisia. Mteja wa kiume mwenye mkono wa namna hiyo sijamwona tangu nizaliwe.

Dada yako,
Sanelma

*

Kuusamo, 12 Mei 1935

Dada mpenzi,

Bibi Kreeta amezikubali salamu zako kwa moyo wote na sasa anakutumia soksi. Usizivae hadharani.

Dada, shoka! Nililitoa kwenye magunia, nikaliweka kiganjani, likakaa penyewe. Nilienda nyuma ya nyumba nikaangusha msonobari mkavu, na vibanzi viliruka vipana kama visahani vya kahawa. Wazee wawili waliokuwa wakipita walisimama. Mmoja akalishika, akapitisha kucha kwenye makali, akauliza, "Nani kafua?" Nikamwonyesha chapa ya Baba. Akasema, "Mzee huyo asife kabla sijampata."

Nakwambia ukweli, Baba hajawahi kufua kitu kama hiki. Zamani mashavu ya mashoka yake yalikuwa manene, ya kupigana. Hili lina akili. Uzee umemwongezea mkono! Juzi mchuuzi mmoja alipita hapa na visu, akajisifu kwamba kimoja kakifua mkewe. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikamwambia, "Bwana wee, hicho ni cha kukatia siagi." Natamani Baba angekuwepo.

Mteja wa mkono mdogo ameridhika na kisu. Tuishie hapo.

Jambo moja, Dada. Nafikiri kuja nyumbani sikukuu ya katikati ya kiangazi. Siku nne tu. Nimemkosea Mzee na yeye amenikosea, lakini mtu anayefua shoka namna hii hawezi kuwa na moyo mgumu. Atanipokea?

Tahvo

*

Ylipää, 1 Juni 1935

Tahvo,

Tumshukuru Mungu sote tu wazima. Viazi vimepandwa. Ndama dume tumempa jina, Kasisi. Soksi zimefika, ni nyekundu.

Usije katikati ya kiangazi. Nyumba inapakwa rangi na chumba chako kimejaa mbao, halafu Baba ana shughuli. Pengine mwaka ujao. Nitakuandikia.

Umesema mlicheka kisu cha mke wa mchuuzi. Mlikijaribu kwanza, au mlicheka tu?

Sanelma

*

Kuusamo, 30 Juni 1935

Sanelma,

Barua yako nimeipata. Nimeelewa. Ungeniambia wazi tu kwamba hanitaki, kuliko kunisingizia rangi. Nyumba ile haijapakwa rangi tangu Mama afe.

Hatukukijaribu.

Tahvo

*

Ylipää, 25 Agosti 1935

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ya kwanza nilisema posta imeipoteza. Ya pili nikasema umo msituni. Sasa nasema una kichwa kigumu, na najua ulikokitoa.

Habari za hapa: nafaka yetu ya rai imevunwa, nayo ni nzuri. Lempi kaolewa, na safari hii viatu vyote viwili alikuwa navyo, nilihakikisha. Kasisi kaingia bustanini kwa mwalimu akala kabichi kumi na moja, na mwalimu kaja kushtaki: "Dada Sanelma, Kasisi wako ni mwizi!" Mgeni aliyekuwa akipita njia alikaribia kuzirai.

Nilipakaza rangi, kweli. Baada ya barua yako nilikasirika nikanunua kopo, nikaupaka ukuta wa mbele wote. Sasa si uongo tena.

Jana Baba aliniuliza, "Kule kaskazini barua zinafika?" Nikamwambia, "Zinafika, ila zinakaa." Siku hiyo hakwenda kulala mchana kama kawaida. Alikaa dirishani akiangalia barabara.

Tahvo, yapo mambo siwezi kuyaandika kwa sababu si yangu peke yangu. Nililoweza kukufanyia nimelitia kwenye kifurushi: kinoo kipya, na ala ya shoka niliyoishona mwenyewe. Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Dada yako

*

Kuusamo, 4 Oktoba 1935

Dada Sanelma,

Nisamehe. Nimekaa na barua zako tatu mfukoni kiangazi kizima kama mpumbavu. Sote wazima, na neno hilo safari hii nalisema nikijua uzito wake.

Tarehe kumi na tisa Septemba niliondoka na kundi la mwisho. Lilikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Helsinki, Bwana Forsman, na dada yake, Bi. Ebba. Wa nne alikuwa Aune. Huyu Aune Kiviaho ndiye ninayeshirikiana naye kazi, binti wa mfugaji wa kulungu wa theluji wa hapa. Nilipaswa kukuambia mapema. Ndiye mkono mdogo.

Siku ya tatu, tukiwa mwendo wa siku mbili kutoka nyumba yoyote, asubuhi ilikuwa ya jua. Saa sita mbingu ikafunga, theluji ikaanza, nzito, ya upande. Forsman akateleza kwenye jiwe la mto. Nikausikia mfupa wa mguu, tak, kama kijiti. Akakaa chini akasema kwa upole, "Bwana Tahvo, nadhani nimekosea hesabu."

Nikasema tumbebe turudi. Aune akasema, "Umbebe uende wapi? Huoni hata miguu yako. Tunakaa hapahapa." Nikasema mimi ndiye kiongozi. Akasema, "Basi ongoza kuni."

Dada, nilikata kuni. Nilitafuta misonobari iliyokufa imesimama, mikavu mpaka kiini, nikaangusha saba kabla giza halijaingia. Shoka halikunasa hata mara moja. Nililipasha kwapani kama ulivyoniagiza. Aune kwa kisu kile kidogo alichonga gango la mguu wa Forsman kutoka gome na matawi, akalifunga, kisha akachonga vibanzi vya kuwashia, vyembamba vimejikunja kama nywele za malaika, huku theluji inampiga usoni. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Kiberiti kilibaki na njiti nne. Moto ulishika kwenye njiti ya kwanza.

Tulijenga kibanda cha upande mmoja kwa matawi, na mbele yake tukalaza magogo mawili, moja juu ya jingine, moto ukikaa katikati, moto wa mababu. Nilichonga magogo yale bapa kwa bapa ili yalingane, na shoka lilichonga kama tezo. Siku tatu hatukuzima. Mpini wa shoka la dukani ungevunjika siku ya kwanza, na mimi najua tungekuwa wapi leo. Siku ya nne jua likatoka, baba yake Aune, aliyeijua njia yetu, akatufikia na kulungu wa kuvuta sleji, gari la kuteleza thelujini. Forsman sasa yuko hospitali, anawafundisha wauguzi kugawanya. Bi. Ebba ameniomba jina la mhunzi.

Mwambie Baba. Mwambie hata kama hataki kunisikia. Watu wanne tumepona kwa mkono wake. Mwambie mwanawe aliyekataa nyundo anamshukuru aliyeishika.

Tahvo

*

Ylipää, 20 Oktoba 1935

Tahvo wetu,

Salamu baadaye. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Baba, na nilipofika kwenye neno la mwisho alisema, "Rudia pale pa kuni." Nikarudia. "Rudia pale pa vibanzi." Nikarudia. Kisha akasema, "Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Kwamba chapa ni yangu, mkono si wangu."

Basi nakuandikia. Mwaka juzi, Novemba, Baba alianguka mbele ya tanuru, nyundo mkononi. Upande wa kulia ulikufa. Mguu umerudi kidogo, mkono haujarudi. Kwa mwezi mzima hakutaka mtu amwone, hata kasisi, yule wa kweli. Kulikuwa na oda ya visu ishirini, na fuawe imepoa. Asubuhi moja nikawasha tanuru. Nilikuwa nimemvutia Baba mivukuto tangu nina miaka tisa, Tahvo, wewe ukikimbilia mtoni. Rangi ya chuma naijua kuliko rangi ya macho yangu. Alisikia nyundo, akajikokota mpaka mlangoni, akasema, "Unapiga kama unaua panya." Nikamwambia, "Basi kaa hapo unifundishe, au rudi kitandani." Akakaa. Yupo hapo mpaka leo, kwenye kiti, ananitukana.

Alinipa chapa yake. Akaniapisha: Tahvo asijue. "Akijua atarudi kwa huruma," alisema, "na mimi mwana wa kunihurumia sikumzaa." Ndiyo maana nilikuzuia usije. Siku ile nilipoandika barua ya rangi, yeye mwenyewe aliuliza mara tatu kama utakuja sikukuu. Nilimwambia una kazi. Niliwadanganya nyote wawili siku moja, na usingizi haukunijia.

Mashavu membamba ni yangu. Baba aliyapinga. Tulikosana siku mbili juu ya mashavu yale, na shoka la kwanza lililopasuka alilishangilia. La pili alilishika kwa mkono wa kushoto akasema, "Hm." Wewe unajua hiyo "hm" ni sawa na kanisa zima kuimba.

Kwa hiyo hicho ulichokiita chenye akili kimefuliwa na mwanamke mwenye soksi nyekundu. Cheka ukitaka. Shika mbavu.

Dada yako,
Sanelma

*

Kuusamo, 8 Novemba 1935

Dada yangu,

Sijacheka. Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena, nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili bila kofia. Bibi Kreeta alidhani nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana, nimepata dada." Akasema, "Si ulikuwa naye?"

Nilimpelekea Aune barua yako. Alisoma yote taratibu kama anavyokula. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyecheka kisu cha mke wa mchuuzi?" Nikasema ndimi. Akasema, "Hukuona ajabu kwamba kisu hiki kimekaa mkononi mwangu kama kimenipima? Mwanamume angenitengenezea cha mtoto. Huyu alikisia kiganja cha mwanamke anayefanya kazi." Kisha akanitazama tu. Dada, afadhali angenipiga.

Yule mchuuzi alipita tena wiki iliyopita. Nilinunua kile kisu. Nimekijaribu. Ni kizuri. Nimemwambia ampe mkewe salamu zangu na radhi zangu, akaniangalia kama nimelewa.

Sasa jambo jingine, na hili nalisema haraka kabla moyo haujarudi nyuma. Nilikuwa natafuta njia ya kumposa Aune. Nikakumbuka desturi ya akina bibi kwetu, kijana kumtilia msichana kisu kwenye ala yake tupu, asipokirudisha, amekubali. Lakini ala ya Aune haijawahi kuwa tupu! Nikamweleza tatizo langu, kwa kuzungukazunguka, kama ni la mtu mwingine. Akasema, "Tahvo, kisu umenitilia tangu Mei. Sijakirudisha. Ulidhani nasubiri nini, theluji iyeyuke?"

Basi nimeposa miezi sita iliyopita bila kujua. Watu wa huku wanacheka mpaka leo.

Mwambie Baba sitakuja kwa huruma. Nikija, nakuja kwa sababu nimeoa au karibu, na mtu huwaonyesha wazazi wake mke. Lakini safari hii sitakuja bila neno lake. Lako peke yake halitoshi, wewe ni mwongo mzuri.

Tena, Dada: shoka la pili, liwe la Bi. Ebba, tafadhali, na lisiwe na chapa ya Baba. Weka yako.

Mdogo wako

*

Ylipää, 30 Novemba 1935

Mdogo wangu, na wifi yangu Aune,

Tumefurahi mpaka Kasisi naye amepewa chumvi ya ziada. Theluji imefika, njia ni imara, na Lempi ana mimba na anasimulia kila mtu.

Mnunuzi wa mjini alikuja Jumanne kuchukua visu arobaini. Siku zote huwa namkabidhi mizigo mlangoni, safari hii aliingia moja kwa moja mpaka kwenye fuawe, akanikuta nina nyundo, uso mweusi kama sufuria. Akamuulizia Baba, "Mzee Iisakki yuko wapi?" Nilijua nikifungua mdomo vibaya, oda imekwenda na jina la karakana limekwenda. Baba kutoka kwenye kiti chake akasema, "Mhunzi yuko mbele yako. Ila amevaa sketi." Bwana akageuka, akamwona na mkono wake uliolala, akanigeukia. Akachukua kisu kimoja, akanyoa nywele za mkono wake mwenyewe, akavijaribu vingine vitatu hivyohivyo mpaka akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha akasema, "Mwaka ujao nitataka sitini." Alipoondoka nilikaa juu ya gogo nikalia, na Baba akasema nitatia kutu chuma chake.

Chapa yangu nimeichonga. Ni S ya jina langu na R ya ukoo wetu tu, haina mapambo. Shoka la Bi. Ebba limeshapigwa nayo.

Barua yako niliisoma yote mezani, pamoja na hayo ya huruma na ya neno lake. Baba aliomba kalamu. Nilimwambia aniambie mimi niandike. Akasema hajafa. Imemchukua kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, kwa mkono wa kushoto, na karatasi mbili zimekwenda motoni. Hii hapa chini ni ya tatu. Hakuniruhusu kurekebisha.

Sanelma

*

TAHVO

NJOO KRISMASI. MLETE MSICHANA. SAUNA ITAWAKA.

DADA YAKO SASA ANAJUA KUFUA HANISIKILIZI TENA. SINA MTU WA KUGOMBANA NAYE. WEWE ULIKUWA UNAJUA KUGOMBANA.

BABA